Mgeni Aje, Mwenyeji Arekodi

Hotuba kwa kikundi cha video cha wanafunzi na walimu wao, Tabora

Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana wa kikundi cha video: mwangaluka! Nimeombwa nizungumzie namna ya kurekodi mihadhara ya wageni, tena kwa kamera zozote zile tutakazojaliwa kuwa nazo. Jambo hili nalipenda sana, kwa hiyo mwenye saa anikonyeze muda ukienda.

Tabora ni mji wa wageni tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika hapa kabla ya kushika njia ya Ujiji. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe lile bado tunawapeleka wanafunzi kulitazama. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikaingia Kigoma miaka miwili baadaye. Julius Nyerere alisoma sekondari hapa, akarudi kufundisha St. Mary's, na Januari 1958 akaja tena na wenzake wa TANU kwenye mkutano ulioamua chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sote tunauita Uamuzi wa Busara. Tunajua matokeo yake, na tunajua kwamba Zuberi Mtemvu hakuafiki, akatoka akaanzisha chama chake. Lakini muulize kijana wa leo hoja ziligongana vipi mle ndani, ukumbi ulinyamaza wakati gani, sauti ya aliyepinga ilikuwaje. Hapo anabaki kukutazama tu.

Sisi nasi tunapokea wageni. Anakuja mtaalamu wa misitu kutufundisha habari za miombo na ufugaji nyuki, anakuja daktari, anakuja mwanasheria. Anafika asubuhi, anazungumza saa mbili, anakula chakula cha mchana na Mkuu wa Chuo, jioni yuko kwenye basi. Waliokuwa mafunzo kwa vitendo Urambo au Sikonge siku hiyo wamekosa. Wa mwaka kesho hawatamwona kabisa. Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone, na mimi nasema kwa dhati kwamba wenyeji wengi hapa hawaponi, kwa sababu walichoachiwa kimebaki kwenye madaftari ya waliokaa viti vya mbele.

Sasa, chuo hiki kina kamera za kila namna. Ipo ya kanda ndogo za MiniDV iliyoletwa na wafadhili miaka mingi iliyopita. Zipo mbili ndogo za memori kadi. Ipo kubwa ya begani tuliyoazimwa. Na zipo simu zenu. Ninachokiona kila mara ni kijana aliyezoea kamera moja kuganda akipewa nyingine: anabonyeza huku na huku, mgeni ameshaanza kuzungumza, dakika kumi zimepotea. Kijana huyo alijifunza vitufe vya kamera moja, hakujifunza kurekodi mhadhara. Mpishi anayejua wali haulizi kama jiko ni la mkaa au la gesi. Anachotaka kujua ni moto unapunguziwa wapi. Nataka nanyi mkipewa kamera msiyoijua muulize maswali yaleyale kila siku: sauti inaingilia wapi, otomatiki inazimwaje, picha inakwenda kuhifadhiwa wapi, umeme ukikatika itakuwaje.

Nianze na sauti, na hapo nitakaa kwa makusudi. Mhadhara ni maneno. Video yenye picha hafifu na sauti safi mwanafunzi ataimaliza na kuandika notisi. Video yenye picha nzuri na sauti ya mwangwi ataifunga kabla ya dakika tano. Maiki iliyojengwa ndani ya kamera inasikia kilicho karibu na kamera, nayo kamera iko nyuma ya ukumbi. Itasikia feni, itasikia kiti kinachoburuzwa, itasikia wawili wanaonong'ona. Mahali pa wazi, umbali kutoka kinywani ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Ndani ya ukumbi wa kuta za saruji hali ni ngumu zaidi, maana mwangwi nao unaongezeka juu yake. Hakuna kitufe kwenye kamera yoyote, iwe ya bei gani, kitakachokuondolea tatizo hilo. Dawa ni kuipeleka maiki kwa mgeni.

Niwape mfano. Mama mmoja alikuja kutufundisha habari za nyuki, msimu wa mvua. Tulimpa kimaiki kidogo cha kubana tukamwomba akibane mwenyewe, shubiri moja chini ya kidevu. Alikuwa amejitanda mtandio. Tukamwomba kimaiki kikae juu ya mtandio, kisiwe chini yake, kwa sababu kitambaa kikisugua maiki, kwenye hedifoni unasikia kama mtu anafagia. Waya ukapita ndani ya koti mpaka kwenye kisanduku kiunoni. Alipofika kwenye habari ya malkia na kundi jipya, mvua ikashuka juu ya bati. Mnajua mvua ya Tabora juu ya bati ilivyo. Waliokaa nyuma walimwona akichezesha midomo tu. Mimi hedifoni zilikuwa masikioni, na nikamsikia akieleza neno kwa neno, mvua ikiwa nyuma yake, mbali. Jioni ile wanafunzi waliokuwemo ukumbini walikuja kuomba rekodi ili wausikie mhadhara waliouhudhuria.

Tangu Novemba hadi Aprili, basi, kimaiki cha kubana ni lazima. Na hedifoni ni lazima mwaka mzima. Anayerekodi bila hedifoni hajui anarekodi nini.

Kila kamera hupokea maiki kwa njia yake. Ile kubwa ya begani ina matundu mawili ya pini tatu, na kando ya kila tundu kuna swichi. Swichi hiyo huambia kamera kinachoingia ni maiki au ni waya kutoka kwenye mikisa ya ukumbi, yaani mashine inayokusanya sauti za maiki zote. Ukichomeka waya wa mikisa huku swichi iko upande wa maiki, sauti itapasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki vizuri baadaye hata kwa kompyuta. Pia kuna alama ya 48V, umeme mdogo ambao baadhi ya maiki huuhitaji ili zifanye kazi. Kama maiki yako inauhitaji na hujauwasha, utapata ukimya mtupu. Kamera ndogo zina tundu moja la milimita 3.5. Hapa naomba msogee mtazame pini hizi mbili nilizoshika. Hii ya maiki ya simu ina mistari mitatu myeusi. Hii ya kamera ina miwili. Zinaingia kwenye tundu lilelile, ila hii ya simu kwenye kamera inaweza isitoe sauti kabisa, au ikatoa ya kukwaruza. Kuna kiungio kidogo cha bei nafuu kinachomaliza tatizo hilo. Kaeni nacho kwenye begi.

Zipo pia kamera zisizo na tundu la maiki hata moja. Msiziache kabatini kwa sababu hiyo. Weka simu mfukoni mwa mgeni ikiwa na kimaiki, irekodi sauti peke yake, ikiwa kwenye hali ya ndege ili asipigiwe katikati ya sentensi. Kamera na simu zikishaanza zote mbili, simama mbele ya kamera upige kofi moja. Baadaye kwenye kompyuta unatafuta lile kofi kwenye picha na kwenye sauti, unayalinganisha, na mhadhara mzima unakaa sawa. Ukiona mwishoni mdomo na sauti vimeachana kidogo, kwa kuwa saa za vyombo viwili hazifanani kabisa, unakata mahali penye kituo na kusogeza.

Jambo la mwisho kwenye sauti ni otomatiki. Kamera nyingi hupandisha sauti zenyewe zikisikia kimya. Mgeni akinyamaza kuwaza, feni inapaa. Akianza tena, neno la kwanza linapasuka. Tafuteni kwenye menyu mahali pa kuizima, muweke kiwango kwa mkono: mstari wa sauti ucheze karibu na desibeli -12, usiguse sifuri kamwe. Kwenye ile ya begani ni gurudumu pembeni, unaligusa hata gizani. Kwenye ndogo ni ndani ya menyu, ukurasa wa tatu au wa nne. Na zipo zisizokuruhusu kabisa. Kwa hizo, kimaiki kilicho karibu na mdomo kinasaidia, kwa sababu maneno yanakuwa na nguvu kuliko ukumbi.

Picha sasa, na hapa nitakwenda haraka kidogo. Madarasa yetu yana madirisha makubwa pande mbili, na wageni wanapenda kusimama penye hewa, yaani dirishani. Kamera ikiliona dirisha inapunguza mwanga, na uso wa mgeni unakuwa kivuli, hasa uso wa mtu mweusi ambao ndio nyuso zetu. Mwombeni kwa adabu asogee ukutani, au fungeni pazia moja. Projekta nayo ina tabia hiyohiyo: slaidi nyeupe ikiwaka, mgeni anazama gizani. Elekeza kamera usoni, ukiridhika na mwanga, ufunge usibadilike tena. Rangi nayo ifungwe: shika karatasi nyeupe mahali atakaposimama mgeni, iambie kamera kwamba huu ndio weupe. Usiiache ijiamulie, kwa sababu wingu likipita dirishani mgeni atageuka wa njano halafu wa bluu.

Mkirekodi chini ya taa za tyubu mkaona mawimbi meusi yakipanda na kushuka kwenye picha, msikimbilie kusema kamera imekufa. Umeme wetu ni wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa hupepesa kwa kuufuata. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hupiga picha kwa mwendo unaofuata Hz 60, kwa hiyo taa na kamera haziendi pamoja. Ingieni kwenye mpangilio wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, muweke 1/100 ya sekunde, mawimbi yatatulia. Kamera za misaada nyingi zina tatizo hili, na nimewahi kuona nzuri kabisa imetupwa stoo na taasisi moja kwa sababu hiyo tu.

Fokasi: iwekeni kwa mkono. Otomatiki ikiona mtu anapita mbele inamfuata yeye, halafu inahangaika kumrudia mgeni. Zumu: kuzeni picha sana hadi macho ya mgeni, nyoosheni fokasi, kisha rudini nyuma. Baada ya hapo mikono itulie kwenye stendi. Kamkoda zina zumu nzuri ya lenzi na ndiyo sababu bado nazipenda kwa kazi hii, lakini zile namba kubwa zilizoandikwa ubavuni, mia ngapi sijui, ni za kukuza kwa hesabu za ndani ya kamera na zinaharibu picha. Zizimeni.

Kuna jambo moja ambalo wapiga picha wengi hawatakubaliana nami. Mgeni akiandika ubaoni, mimi natoka usoni naenda ubaoni, na ninakaa huko mpaka mtu anayeangalia amalize kunakili. Uso wa profesa ni mzuri kuutazama, lakini anayesoma peke yake saa nne usiku anahitaji ile fomula. Ukumbi unaweza kuwa umeshahama kwenye hoja nyingine; sauti itaendelea kumwambia. Acheni ubao usomeke.

Ile ya kanda, vijana wengi mnaiogopa. Kanda ya MiniDV inachukua dakika 60 kwa mwendo wa kawaida. Kuna mwendo wa polepole unaofikisha dakika 90, nao nawakataza, kwa sababu kanda iliyorekodiwa hivyo mara nyingi hugoma kusomeka kwenye mashine nyingine. Kwa hiyo mhadhara wa saa mbili unahitaji kanda tatu na pa kubadilishia. Sikilizeni mgeni anavyozungumza. Ikifika dakika ya 55 msubiri afunge hoja, au aulize kama kuna swali, hapo ndipo mkono uende. Mkianza kurekodi, acheni sekunde kumi zipite kabla ya neno la maana. Mkimaliza, sogezeni kile kidude cha kuzuia mtu asirekodi juu yake. Kuingiza kanda ya saa moja kwenye kompyuta kunachukua saa moja kamili, na inajaza GB 13 hivi. Waya wake ni wa FireWire, ambao kompyuta mpya nyingi hazina tundu lake, kwa hiyo ile kompyuta ya zamani pale maabara msikubali iondolewe.

Na hapa nina ombi kwa Mkuu wa Chuo, mbele ya watu hawa. Kabatini kuna kanda za wageni waliotangulia. Baadhi ya waliozungumza humo wameshafariki. Kanda zenyewe zinaweza kudumu, lakini mashine za kuzichezea zinakufa, vipuri havipatikani, na siku mashine yetu ikigoma, kanda zile zitakuwa plastiki. Tupewe muda wa maabara jioni, tuzihamishe zote muhula huu.

Kamera za kadi ni rahisi zaidi ila zina mitego yake. Nyingi kati ya hizi ndogo zinatumia AVCHD, mfumo wa kuhifadhi video uliotolewa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Kwa ubora wa juu wa Mbit 24 kwa sekunde, saa moja inakula karibu GB 11, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha mhadhara mmoja na maswali yake, haitoshi miwili. Kamera hukata rekodi ndefu katika vipande yenyewe. Mkinakili, chukueni folda nzima kama ilivyo, msiokote vipande mnavyoviona, maana mkiunganisha kienyeji mnaweza kupoteza neno kwenye kiungo. Kadi isafishwe, yaani ifutwe yote kwa fomati, ndani ya kamera, isisafishwe kwenye kompyuta, na isisafishwe kabisa mpaka rekodi iwe mahali pawili: diski ya nje inayokaa maktaba, na nyingine inayokaa jengo tofauti.

Kamera za picha za mnato, zile zinazobadilishwa lenzi, nyingi za zamani hujizima zikikaribia dakika 30. Msidhani ni mbovu. Watengenezaji waliziwekea kikomo hicho ili zisihesabiwe kuwa kamera za video na kutozwa ushuru mkubwa zaidi Ulaya. Kwa harusi hazina shida. Kwa mhadhara, ziwekeni kando kama kamkoda ipo.

Umeme. Kamera ichomekwe ukutani, na betri iliyojaa iwe imevaliwa. Kisha fanyeni jaribio hili kabla mgeni hajafika: chomoeni waya ukutani mkiwa mnarekodi. Kuna kamera itakayohamia kwenye betri bila kustuka, na kuna nyingine itakayozima palepale. Hazifanani, na TANESCO ikikata si wakati wa kujifunza ipi ni ipi.

Kabla ya yote hayo kuna salamu. Mgeni akishuka kwenye gari, aliyepangwa kurekodi aende akamwamkie: "Shikamoo Profesa, sisi ndio tutakaorekodi mhadhara, tunaomba ruhusa yako, na tunaomba kujua kama kuna sehemu usingependa itoke." Hii ni heshima, na pia ni sheria. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inauhesabu mhadhara kuwa kazi ya mwenyewe. Na ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, inayowahusu hata wenzenu wanaouliza maswali. Asiyetaka uso wake uonekane, kamera isimgeukie. Mwombeni pia mgeni arudie kila swali kabla ya kulijibu, kwa sababu kimaiki kiko kwake. Asiporudia, rekodi itakuwa na majibu matupu.

Mazoezi yenyewe yataanza Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbi mdogo. Kamera zote zitakuwa mezani. Mtakuwa wawili wawili, na kila jozi itachukua kamera ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuishika. Mtakuwa na robo saa ya kuitafutia majibu ya yale maswali, halafu mwalimu wa jiografia, ambaye amekubali na tunamshukuru, atafundisha somo la nusu saa kama kawaida yake: atatembea, atageukia ubao, atazungumza na dirisha. Rekodi ya kila jozi tutampa mwanafunzi ambaye hakuwepo. Atatueleza somo lilihusu nini na ataandika kilichokuwa ubaoni. Akiweza, jozi hiyo itapangwa kurekodi mgeni wa mwezi ujao. Akishindwa, itarudia wiki inayofuata na kamera nyingine.

Mje na hedifoni zenu, karatasi nyeupe moja na daftari. Wenye simu zenye nafasi mje nazo zikiwa zimechajiwa. Nani ana ekstensheni ndefu nyumbani? Haya, wewe na wewe, baada ya hapa mnione pale mlangoni tuandikishane.